Mimi ni mjane wa askari, namwombea aliyebeba kiroba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu aliandika hapa kwamba yeyote aliyehusika na kifo cha polisi anyongwe, awe alifyatua risasi au alishika tochi tu, na kwamba wanaouliza maswali juu ya jambo hilo ni watu ambao hawajawahi kuzika askari. Mimi nimezika askari. Tulimzika Kasulu, nyumbani kwao, na mtoto wetu Zawadi alikuwa na miaka minane.

Baba Zawadi alikuwa koplo. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kusindikiza mabasi kati ya Kibondo na Nyakanazi, miaka ile ambayo bunduki za vita vya nchi jirani zilikuwa zikivuka mpaka na kuishia porini mikononi mwa majambazi. Watu wa Kigoma wa rika langu wanaikumbuka ile barabara. Basi halikuondoka mpaka askari wapande, na likifika kwenye yale mapori abiria walinyamaza wenyewe bila kuambiwa, hata watoto wachanga tuliwapa ziwa wasilie. Siku hiyo magogo yalikuwa yamelazwa kwenye kona. Risasi zilianza kabla dereva hajasimama vizuri. Baba Zawadi alikuwa amekaa mbele. Alikuwa na miaka 38.

Walimleta nyumbani Mwanga kwa gari la polisi, na baada ya jeneza waliteremsha galoni la asali ya Kibondo alilolinunua jana yake, jina langu likiwa limeandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Asali ile ilikaa juu ya kabati miaka minne. Sikuweza kuionja wala kumgawia mtu.

Jambazi mmoja aliuawa palepale. Mmoja alitoroka na hajaonekana tena. Mmoja alikamatwa siku chache baadaye, na pamoja naye alipandishwa kizimbani kijana wa miaka kumi na tisa mwenye baiskeli ya Phoenix. Huyu alilipwa shilingi elfu tano abebe kiroba kutoka kijijini kwao hadi porini. Aliambiwa ndani kuna misumeno ya kupasulia mbao. Kilipofunguliwa mbele yake aliona bunduki, na hapo, kwa maneno yake mwenyewe, alikaa akala ugali wao kwa sababu aliogopa kuondoka. Alfajiri walipokwenda barabarani walimwacha alinde masufuria na baiskeli. Aliposikia milio alikimbia. Hata upande wa mashtaka haukusema kwamba alifika barabarani au alishika silaha.

Wote wawili walihukumiwa kunyongwa hadi kufa. Maneno hayo yalisomwa mara mbili, kwa kila mmoja mara yake, na mimi nilikuwa kwenye benchi la mbele. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilifurahi mara mbili. Wakati wa kutoka mama wa yule kijana alipiga magoti kwenye korido kunisalimia, jinsi wanawake wa Kiha tulivyolelewa. Nilimpita kama sikumwona.

Nilikaa na furaha ile kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Iliyonitoa ndani yake ni hukumu ya mahakama ya nchi nyingine. Zawadi sasa ni wakili. Miaka michache iliyopita aliniletea kwenye simu hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ya tarehe 30 Julai 1998, akasema, "Mama, soma hii, halafu tuongee habari za kesi ya baba." Nilifundisha shule ya msingi Ujiji miaka thelathini na moja, Kiingereza kikiwa somo langu, lakini Kiingereza cha majaji ni kingine kabisa. Ilinichukua majuma mawili barazani, kamusi mapajani.

Hukumu ile ni ya kijana aliyeitwa Derek Bentley. Alizaliwa kusini mwa London mwaka 1933. Alikuwa na kifafa. Alikulia katika mabomu ya vita, nyumba yao ikapigwa. Shuleni hakuambulia kitu. Akaiba, akapelekwa shule ya maadilisho, na huko walimpima wakakuta kwamba akiwa na miaka kumi na mitano akili yake ilikuwa ya mtoto wa miaka kama kumi, na kusoma kwake kulikuwa kwa mtoto ambaye hata shule hajaanza. Jeshi lilimkataa kwa sababu hiyohiyo. Alipata kazi ya kubeba samani, ikamshinda, akazoa taka, akashushwa kuwa mfagia barabara, hata huko wakamwachisha. Miaka kumi na tisa, mwili wa mtu mzima, hajui kuandika barua.

Mwalimu yeyote anayesoma hapa ameshamtambua. Mimi nilimtambua nilipofika ukurasa wa tatu. Nimekuwa naye darasani kila mwaka, sura tofauti na jina tofauti: mtoto mkubwa kuliko wenzake anayekaa nyuma karibu na dirisha, ukimwuliza umeelewa anasema ndiyo mwalimu, ukimwuliza swali lilelile kwa namna ya kumtega anasema ndiyo mwalimu. Wenzake wanamtuma. Wakivunja kioo anakutwa yeye na jiwe mkononi kwa sababu wengine walikimbia na yeye hakuambiwa kimbia. Na sisi walimu, Mungu atusamehe, tulimchapa yeye, maana ndiye aliyekuwepo.

Rafiki yake Bentley aliitwa Christopher Craig, umri miaka kumi na sita, mdogo kwake lakini ndiye aliyeongoza. Craig alipenda bastola. Kaka yake mkubwa alikuwa ndiyo kwanza amefungwa miaka kumi na miwili kwa ujambazi wa silaha, na Craig alijaa chuki na polisi. Jumapili tarehe 2 Novemba 1952, kama saa tatu na robo usiku, wawili hao waliruka geti la ghala la peremende mjini Croydon wakapanda juu ya paa. Mtoto wa kike wa nyumba ya ng'ambo aliwaona dirishani, wazazi wake wakaita polisi. Craig alikuwa na bastola. Bentley alikuwa na kisu na kile chuma cha kuvaa vidoleni, alichopewa na Craig. Kwa hiyo hakuwa malaika. Alikwenda kuiba, naye alijua anakwenda kuiba.

Askari mpelelezi Frederick Fairfax alipanda paani akamkamata Bentley. Craig akafyatua, akampiga Fairfax begani. Fairfax, na damu ikimtoka, alimdhibiti Bentley tena, na kijana hakupigana wala hakujaribu kukimbia. Alikaa pale chini ya ulinzi kama robo saa huku Craig akiendelea kupiga risasi kutoka upande wa pili. Ndipo askari wengine walipopanda kwa ngazi ya ndani, na wa kwanza kutokea mlangoni, Konstebo Sidney Miles, miaka 42, akapigwa risasi ya kichwa akafa papo hapo. Craig alipoishiwa risasi alijirusha kutoka paani akavunjika mgongo, lakini hakufa.

Msomaji mwenzangu asidhani namruka Sidney Miles ili nifike kwa Bentley. Nilipofika kwenye mlango ule wa paa niliiweka simu chini nikaenda jikoni. Najua maana ya askari anayetangulia. Baba Zawadi angeweza kumwambia mwenzake akae mbele siku ile, mwenzake alikuwa mdogo kwa cheo. Hakumwambia.

Kesi ya Craig na Bentley ilisikilizwa siku tatu tu, tarehe 9 hadi 11 Desemba, mbele ya Jaji Mkuu Lord Goddard na jopo la raia kumi na wawili. Maneno yaliyombebesha Bentley kifo ni machache. Askari walisema kwamba kabla ya risasi ya kwanza alimpigia Craig kelele, na kwa Kiswahili ningeyaweka hivi: "Mpe, Chris!" Yeye na Craig walikana hadi mwisho kwamba yalisemwa. Lakini tuseme yalisemwa. Nimesimamia viwanja vya mapumziko miaka thelathini na moja na nimelisikia neno hilo kwa maana zake zote. Watoto wakizunguka wawili wanaopigana wanapiga kelele "Mpe! Mpe!", maana yake mtandike. Dakika hiyohiyo kaka mtu anamwambia mdogo wake aliyeng'ang'ania mpira wa mwenzake, "Mpe", maana yake mrudishie. Kiingereza chao kina mtego uleule: mpige, au mkabidhi hiyo bastola. Mtu alinyongwa juu ya neno ambalo mwalimu wa zamu angeuliza mara ya pili kabla hajaokota fimbo.

Jopo lilikaa dakika sabini na tano. Likawatia hatiani wote wawili, na kwa Bentley likaomba ahurumiwe. Sheria ya wakati ule haikumpa jaji hiari: aliyepatikana na kosa la kuua kwa kukusudia ananyongwa, na aliyeshirikiana naye anahesabiwa kuwa ameua. Craig, aliyefyatua, hakufikisha miaka kumi na minane, kwa hiyo hakunyongeka. Alifungwa, akatoka mwaka 1963, akawa fundi bomba, akaishi maisha yake. Waziri wa Mambo ya Ndani, David Maxwell Fyfe, alikataa kumsamehe Bentley. Wabunge kama mia mbili waliweka saini hoja ya kumwokoa, Spika hakuruhusu ijadiliwe. Tarehe 28 Januari 1953, saa tatu asubuhi, alinyongwa katika gereza la Wandsworth.

Usiku wa kuamkia siku ile alitaka kuwaandikia wazazi wake, na kwa kuwa hakujua kuandika, askari magereza alimwandikia. Katika barua hiyo, kati ya maneno ya kuwafariji wazazi, anamwomba baba yake asiziache fremu zake za baiskeli zikashika kutu, huenda siku moja zikafaa.

Hapo nilishindwa kuendelea kwa siku kadhaa. Mwaka mmoja nyuma yake nilikuwa nimekutana na yule mama wa korido sokoni Mwanga, anauza mawese kwa chupa. Safari ile sikumpita. Nilinunua chupa mbili, nikakaa kwenye kigoda chake cha akiba. Hakunitajia kesi wala mwanawe. Alichoniuliza, kwa kuwa mimi ni mwalimu na nimesoma, ni kama ninajua mtu akitaka kurudishiwa kielelezo mahakamani anapita wapi, maana ile Phoenix haikurudishwa na mdogo wake kijana anabeba madumu ya mawese kichwani kutoka shamba.

Dada yake Bentley, Iris, alihangaika na jina la mdogo wake zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1966 familia iliruhusiwa kuhamisha mifupa yake kutoka gerezani kwenda makaburini. Mwaka 1993 alipewa msamaha nusu: kwamba hakustahili kunyongwa, ila hatia ibaki. Iris alifariki Januari 1997. Mwaka mmoja na nusu baadaye Jaji Mkuu Lord Bingham na wenzake wakaifuta hatia yenyewe, wakisema jinsi Goddard alivyoliongoza jopo kulimnyima yule kijana kesi ya haki. Miaka arobaini na mitano na nusu baada ya kitanzi. Ingekuwa amefungwa maisha, mahakama ingemfungulia mlango akiwa mzee wa miaka sitini na mitano. Ilibidi walisomee kaburi.

Sasa nirudi kwetu. Kanuni yetu ya Adhabu ni ya mwaka 1945, tuliandikiwa na Waingereza haohao. Kifungu cha 23 kinasema watu wakikubaliana kutenda uovu, na katika kuutenda likatokea kosa ambalo lingetarajiwa kutokea, kila mmoja wao anahesabiwa kuwa amelitenda. Sina ugomvi na kifungu hicho. Bila hicho, vigogo wanaotuma wenzao wangelala usingizi mzuri. Ugomvi wangu ni pale kinapokutana na kifungu cha 197, kinachosema aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Atahukumiwa. Hakuna "anaweza". Aliyelenga kifua cha baba Zawadi na aliyekaa porini akilinda masufuria wanatoka mahakamani na karatasi moja. Na kama kwa Craig, sheria yetu nayo haimnyongi aliyekuwa chini ya miaka kumi na minane, jambo ambalo ni jema, lakini tafakari: mpiga risasi angekuwa na miaka kumi na saba, angebaki hai, na mbeba kiroba wa kumi na tisa angeandikiwa kitanzi. Yaliyotokea Croydon yanaweza kutokea Kakonko bila kubadili hata nukta ya sheria.

Siyo kwamba mimi ndiye wa kwanza kuliona. Jaji James Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Dodoma, alisema mwaka 1994 kwamba adhabu hiyo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba ni adhabu ya kikatili lakini ikasema Katiba inairuhusu. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale pale Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo bila hiari ni kuvunja haki ya kuishi, ikaitaka nchi yetu iondoe ulazima huo. Nayo haikusema wauaji waachiwe, wala mimi sisemi. Inasema jaji aruhusiwe kumtazama mtu aliyesimama mbele yake.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi hanyongwi mtu, tangu miaka ya 1990 kitanzi hakijatumika, kwa hiyo ninalia nini. Nalia kwa sababu yule kijana si kijana tena. Ana mvi. Nimekwenda kumwona mara moja, sitataja gereza. Aliniamkia "shikamoo mama" akaangalia chini muda wote. Nilimwuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu kizimbani: ulipoona zile bunduki ulifikiri ni za nini? Alinyamaza sana, halafu akasema alifikiri ni za kuwindia nyama. Sijui kama ni kweli. Pengine alijua, pengine alijidanganya, pengine ni jibu alilofundishwa na wenzake wa chumba kimoja. Nilimtazama nikaona mtoto wa karibu na dirisha. Kila mlango wa chuma ukigongwa usiku, aliniambia, bado anashtuka, miaka yote hiyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hawatakuja.

Ninachoomba ni hiki. Wabunge wetu wa Kigoma, wote, bila kujali chama, wapeleke hoja kifungu cha 197 kimpe jaji hiari. Aliyepanga na aliyefyatua apewe adhabu kali kuliko zote zitakazobaki katika sheria, nami nitakuwa wa mwisho kumtetea. Lakini aliyetumwa aulizwe peke yake: ulifanya nini, ulijua nini, ulikuwa na uwezo gani wa kukataa. Na afungwe kwa kipimo cha majibu hayo.

La pili ni la haraka zaidi. Katiba, ibara ya 45, inampa Rais uwezo wa kusamehe au kubadilisha adhabu. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Nilisikia tangazo lile kwenye redio nikiwa nachambua dagaa, na wakati ule bado nilikuwa mtu wa korido: niliomba kimoyomoyo jina lake lisiwemo. Halikuwemo. Ombi hilo limenitesa kuliko ninavyoweza kuandika, na barua hii ni njia yangu ya kulifuta.

Kwa hiyo popote maombi ya msamaha yanapopokelewa, kama kuna mtu anataka kujua familia ya marehemu inasemaje, mjane hana pingamizi na binti hana pingamizi. Nitalirudia hilo mbele ya yeyote atakayeniita, iwe Kigoma au Dodoma, na nauli nitajilipia. Jina langu kamili na namba ya simu nimekuachia wewe, Mhariri. Kwa Sikukuu ya Uhuru mwaka huu nitakuwa karibu na redio, na mama yake nimemwambia aje tusikilize pamoja.

Mama Zawadi,
Mwalimu mstaafu,
Mwanga, Kigoma.